Kupotezwa maboya: msemo wa mtaani uliotoka majini

Kijana anarudi kutoka ofisi moja ya mjini alikopeleka fomu zake, na huko ameambiwa kwamba alipaswa kuanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia yake, kabla ya kufika hapo. Siku nzima imekwenda, nauli imekwenda, na jambo lenyewe halijasogea. Anapoyahadithia hayo barazani, mmoja wa waliokaa anatikisa kichwa na kusema: "Aliyekutuma huko kakupoteza maboya, ndugu yangu." Hakuna anayeuliza maana. Kuanzia mzee aliyestaafu kazi ya bandarini hadi mtoto wa skuli anayepita na mikate ya mama yake, wote wanafahamu kwamba kijana yule alipewa ushauri uliompeleka siko.

Kuelewa maana ya msemo ni jambo moja, na kujua msemo ulivyoibeba maana hiyo ni jambo jingine. Maboya ni vitu vya baharini. Yameingiaje katika habari za fomu na nauli? Nimewasikia watu wa Unguja wakibishana juu ya suala hili kwa dhati. Wapo wanaosema kwamba maboya hapa ni wingi wa boya kwa maana ya mtaani, yaani mtu mpumbavu. Wapo wanaosema kwamba ni yale yale maboya yanayoelea majini. Mimi nimo katika kundi la pili, na naamini kwamba msemo wenyewe ukichunguzwa neno kwa neno unajitolea ushahidi.

Kwanza ni vyema tuyatenganishe matumizi yake, kwa sababu mabishano mengi yanatokana na kuyachanganya. Mtu akisema "umepotea maboya," anamwambia mwenzake kwamba amekosea, kwamba fikira au uamuzi wake umekwenda nje ya mstari, na kosa hilo ni lake mwenyewe. Akisema "umepotezwa maboya," kosa limehamia kwa mwingine: yupo mtu aliyekuelekeza, nawe ukamfuata, na maelekezo yake ndiyo yaliyokutoa njiani. Matumizi ya tatu yamezuka katika mazungumzo ya mpira na muziki, ambapo kumpoteza mtu maboya ni kumzidi kwa mbali mpaka asionekane tena katika mashindano. Haya ya tatu ni tawi lililochipua baadaye kutoka katika picha ile ile, na sitayashughulikia zaidi. Yanayonishughulisha ni yale ya pili, kwa sababu yanagusa jambo zito, nalo ni ushauri unaopotosha.

Boya, kwa Kiswahili cha kawaida, ni kitu chochote kinachoelea kikafungwa kwa kamba au mnyororo ili kionyeshe mahali au kishikilie kitu kingine kisizame. Kiswahili kilikuwa na neno lake la asili kwa kitu hicho, nalo ni chelezo, lenye uhusiano na kitenzi kuelea, na wazee wengine wangali wakilitumia. Neno boya lenyewe linalingana na boia la Kireno, nami naliweka katika kundi moja na meza, bendera, leso na gereza, ambayo ni mabaki ya karibu karne mbili za Wareno katika mwambao huu, tangu Vasco da Gama alipopita mwaka 1498 mpaka Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipowatoka mwaka 1698. Maneno ya vyombo na mabaharia husafiri haraka kuliko maneno mengine yote, kwa kuwa watu wanaoyatumia hawakai mahali pamoja.

Kwa mvuvi wa Nungwi au wa Kojani, boya ni kitu cha kila siku. Jarife likishatandazwa majini halionekani; kinachoonekana ni maboya yake tu, na mara nyingi hayo ni madumu ya plastiki au vipande vya kandambili kuukuu vilivyotungwa kwenye kamba. Alfajiri mvuvi anaporudi kuutoa wavu wake, hautafuti wavu wenyewe, anatafuta maboya. Yakikatwa na parapela ya boti iliyopita usiku, au yakisukumwa na mkondo, wavu upo baharini na mwenyewe yupo baharini, lakini hawakutani. Anaweza kuzunguka mpaka jua likawa kali, na mafuta ya mashine yakaisha, akiwa hatua chache tu kutoka kwenye mali yake.

Hata hivyo, maboya ya wavu hayatoshi kueleza msemo huu. Picha yake inakamilika tunapoyatazama maboya ya aina nyingine, yale makubwa ya chuma yanayowekwa kuonyesha njia ya vyombo. Upande wa magharibi wa Unguja, ambako ndiko iliko bandari ya Malindi, bahari si ya kina kirefu kama ile inayokitenga kisiwa cha Pemba na bara. Mbele ya mji vimetapakaa visiwa vya Changuu, Chapwani na Bawe, na kusini zaidi kipo Chumbe chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Baina ya visiwa hivyo yamo mafungu ya mchanga na miamba ya matumbawe, na juu yake maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa. Fungu ambalo chombo kilipita juu yake asubuhi maji yakiwa yamejaa laweza kuwa nchi kavu mchana maji yakipwa. Uso wa maji hauonyeshi hayo yote. Chini ya maji tulivu ya buluu kunaweza kuwa na pima kumi, na kunaweza kuwa na mwamba wa kupasua mbao za jahazi, na mgeni hawezi kutofautisha.

Hapo kale kazi ya kuyajua hayo ilikuwa ya rubani, neno ambalo siku hizi vijana wanalijua kwa maana ya mwendesha ndege, lakini ambalo asili yake ni mtu wa majini, mjuzi wa njia, ambaye husimama karibu na nahodha na kumwelekeza. Yeye alitumia macho, kumbukumbu na bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba cha kupimia kina. Maboya yaliyafanya maarifa ya rubani yaonekane juu ya maji ili hata asiyekuwa mwenyeji ayafuate.

Na maboya hayo yana kanuni zake, ambazo zinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndizo zinazoupa msemo wetu uzito. Mwaka 1980 mataifa yalikubaliana juu ya mfumo mmoja wa maboya duniani, lakini mfumo huo uligawika katika kanda mbili kwa kuwa hakuna aliyekubali kubadili mazoea yake yote. Katika kanda ya kwanza, ambayo ndani yake imo Afrika nzima na sisi tukiwamo, pamoja na Ulaya na sehemu kubwa ya Asia, chombo kinachotoka baharini kuingia bandarini huliacha boya jekundu upande wake wa kushoto na la kijani upande wake wa kulia. Katika kanda ya pili, ambayo ni Marekani zote, Japani, Korea na Ufilipino, mambo ni kinyume kabisa: anayeingia huliacha jekundu kulia. Usiku rangi hizo hizo hutolewa kwa taa zinazowaka na kuzima.

Sasa tuchukue maneno haya matupu: "Boya jekundu liache kushoto kwako." Kwa anayeingia bandari ya Malindi, huo ni ushauri wa kumwokoa. Kwa anayetoka Malindi kwenda nje, maneno hayo hayo, bila kubadilishwa hata herufi moja, yanampeleka nje ya mlango wa kupitia vyombo, kwenye mwamba. Aliyesema hakusema uongo. Rangi ni ile ile, boya lipo pale pale na mnyororo wake haujakatika. Kilichokosekana ni kumtazama anayeshauriwa na kujua uso wa chombo chake umeelekea wapi. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo tofauti kubwa ya kupotezwa maboya na kudanganywa, tofauti ambayo watu wengi hawaitilii maanani.

Kudanganywa ni kuambiwa lisilokuwepo. Kupotezwa maboya ni kuondolewa alama unazoziongozea safari yako, au kupewa alama ya kweli kwa safari isiyokuwa yako, na anayefanya hivyo anaweza kuwa mwovu, anaweza kuwa mzembe, na mara nyingi sana ni mtu mwenye mapenzi na wewe.

Nitatoa mfano wa Pemba. Mkulima wa karafuu karibu na Wete amemaliza kuchuma na kuchambua makonyo, na majamvi yake yamekwisha tandazwa uani tayari kwa kuanikia. Mtoto wa ndugu yake, aliyekaa mjini miaka kadhaa na mwenye kumtakia heri, anamwambia: "Ami, karafuu mbichi ni nzito kuliko kavu. Mbona unaumaliza uzito wote juani? Zitie guniani zilale siku mbili tatu kwanza, ndipo uanike." Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli tupu, kwani karafuu mbichi zikikauka hubaki karibu theluthi ya uzito wake, kilo 3 zikatoa takriban kilo 1. Lakini karafuu mbichi zilizorundikwa hupata joto na kuchacha, na zikija kuanikwa huwa zimekwisha poteza rangi, zimepauka na kusinyaa, na kwa kuwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, hununua kwa madaraja, bei yake huanguka. Hesabu ya uzito ilikuwa sahihi, ila haikuwa ndiyo njia ya karafuu. Majirani wakilisikia jambo hilo hawasemi kwamba mzee kadanganywa na mwanawe. Watasema kapotezwa maboya, na lugha imewatendea haki wote wawili, kwa sababu imetaja hasara bila kumtia kijana katika kundi la matapeli, wala mzee katika kundi la wajinga.

Kwa kuyasema haya nimekwisha gusa hoja ya wale wanaosema kwamba maboya ya msemo huu ni wapumbavu. Hoja yao haikosi msingi, kwa kuwa ni kweli kwamba mtaani mtu asiye na maana huitwa boya, na yumkini tusi hilo nalo limetokana na kile kielea cha majini, ambacho hakina uzito, hakina usukani, na huyumbishwa na kila wimbi. Lakini kanuni za lugha zinawakatalia. Msemo huu huambiwa mtu mmoja, naye huambiwa "umepotea maboya," kwa umoja katika kitenzi na wingi katika nomino. Lau maboya yangekuwa ni tusi kwa mwenye kupotea, mtu mmoja angeambiwa "umepotea, boya wewe," na watu wengi ndio wangeambiwa "mmepotea, maboya nyinyi." Hakuna asemaye hivyo akiukusudia msemo huu.

Ukitaka kujua neno maboya linafanya kazi gani hapo, lilinganishe na "kupotea njia." Kupotea si kitenzi elekezi, hakihitaji kitu cha kutendwa, hata hivyo tunasema "amepotea njia" na kila mtu anaelewa kwamba njia ndiyo iliyomkosa. Ndivyo tunavyosema pia "amevunjika mguu," ambapo nomino inayofuata kitenzi inaonyesha upande ambao jambo limempata mtu. Kupotea maboya kumejengwa juu ya kiunzi hicho hicho: njia ya nchi kavu huonekana chini ya miguu, lakini njia ya majini haionekani, na alama zake pekee ni maboya, kwa hiyo anayepotea njia baharini hupotea maboya. Kitenzi kikapanuliwa kama vinavyopanuliwa vingine, kupotea kikawa kupoteza na kupoteza kikawa kupotezwa, nafasi ya mpotezaji ikapatikana. Hata kiambishi kidogo cha mtendwa kina kazi kubwa hapa: mvuvi "amepoteza maboya" kwa maana ya kwamba vielea vyake vimechukuliwa na maji, lakini rafiki "amempoteza maboya" mwenzake, na ile -m- peke yake ndiyo inayogeuza habari ya uvuvi kuwa habari ya ushauri.

Picha ya baharini kuingia katika mazungumzo ya nchi kavu si jambo geni kwetu. Mambo yakiharibika tunasema yamekwenda mrama, na wengi wanaosema hivyo hawajawahi kupanda jahazi likiyumba huku na huku kwa mawimbi. Methali ya manahodha wengi chombo kwenda mrama ndiyo iliyoyabeba maneno hayo mpaka katika vikao vya siasa. Anayeongoza taasisi tunasema ameshika usukani. Aliyeachwa na mwenzake bila taarifa tunasema katoswa. Msemo wa maboya umeungana na ukoo huo, ingawa umevaa nguo za vijana, na sioni sababu ya kuudharau kwa kuwa haukutoka kwa washairi.

Inasaidia pia kuutenga na jamaa zake wa karibu. Kuingizwa mjini ni kulaghaiwa na mjanja anayejua kwamba wewe hujui, na msemo huo una dharau ya mjini kwa watu wa shamba, dharau ambayo binafsi siipendi, hasa katika kisiwa ambacho watu wa shamba ndio wanaoulisha mji. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni kununua kitu bila ya kukiona. Kuvishwa kilemba cha ukoka ni kusifiwa kwa sifa za uongo, na kilemba kilichosukwa kwa majani hunyauka kabla ya siku kwisha. Katika hiyo yote yupo mtu anayekusudia kukuchota kitu, iwe fedha au akili. Kupotezwa maboya hakuhitaji kusudio hilo, na ndiyo maana nahisi kwamba unaeleza aina ya madhara iliyo ya kawaida zaidi na iliyo ngumu zaidi kuilalamikia, kwa kuwa aliyekupoteza pengine alikukaribisha chai wakati akikushauri.

Ipo methali ya zamani isemayo: mpofuka ukongweni hapotewi na njia. Nayo imejengwa na kitenzi kile kile, lakini inamzungumzia mtu ambaye hahitaji maboya, kwa kuwa alizipita njia zake maisha yake yote akiwa anaona, na sasa miguu inakumbuka. Ushauri wa mtu kama huyo una uzito wake, lakini pia una hatari yake, kwa sababu mtu anayeijua njia kwa miguu mara nyingi hazioni tena alama zake, na akikuelekeza huruka yale ambayo kwake ni ya kujijua yenyewe. Nimepata kuelekezwa nyumba katika vichochoro vya Mji Mkongwe na mzee aliyezaliwa humo, akaniambia nipinde pale palipokuwa na duka la fulani. Duka lilikuwa limefungwa kabla sijazaliwa. Mzee alinielekeza kwa moyo safi kabisa, nami nikazunguka mpaka adhana ya magharibi.

Limebaki jambo moja ambalo, kwangu mimi, ndilo linaloufunga ushahidi. Msemo huu haujui umoja. Hakuna asemaye "kapotezwa boya." Na hilo si ajabu kwa anayeijua bahari, kwa sababu boya moja peke yake halionyeshi njia. Linaonyesha nukta tu. Ili ujue mlango uko wapi unahitaji jekundu na la kijani yakikabiliana, kisha jozi nyingine mbele yake, mpaka mstari uonekane. Wavuvi wasiokuwa na vyombo vya kisasa hufanya hivyo hivyo kwa alama za nchi kavu wanapotafuta mahali pao pa kuvulia: hawategemei mnazi mmoja ulio pwani, husubiri mnazi huo ukae sawasawa na mnara wa msikiti ulio nyuma yake, na upande wa pili watafute alama mbili nyingine zilizokaa sawa, na mistari hiyo miwili inapokutana ndipo wanapotia nanga.

Yule kijana wa fomu alikuwa amepewa alama moja, nayo ni jina la ofisi, na jina hilo lilikuwa sahihi. Mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, ambaye alikuwa kimya muda wote wengine wakimlaumu kijana kwa kumwamini kila mtu, hakumwuliza ni nani aliyemtuma. Alimwuliza: "Na kabla ya kufika hapo, mwanangu, uliambiwa upitie wapi?"